Seva ya Sudi na Umeme Uliochoka

Vijana wangu, siku hizi hapa Kigoma siwezi kutoka Buzebazeba kwenda Mwanga kununua dagaa bila mmoja wenu kunisimamisha. Shikamoo mnanipa vizuri, halafu hata sijamaliza kuitikia, swali linafuata: "Mzee Issa, eti kwa kusikiliza muziki nyumbani ninunue seva gani?" Mnaniuliza mimi, fundi redio mstaafu, kana kwamba hizo seva nimekuwa nikizifuga uani pamoja na bata.

Nitajibu. Ila nitajibu kwa mwendo wangu, na mwenye haraka ajue kabisa kwamba haraka ndiyo iliyoharibu mambo mengi katika kazi hii. Mwendo wa polepole pia uliharibu jambo moja, na hilo ndilo nitakalolifikia mwisho.

Tuanze na kuelewana. Seva ya muziki ni kabati. Msitishwe na jina. Ni kompyuta ndogo isiyo na kazi nyingine ila kutunza nyimbo zako zote mahali pamoja, na kuzitoa unapoziita kwa simu ukiwa umejinyoosha kwenye kochi. Wimbo unatoka humo ukiwa namba, unapita kwenye kisanduku cha kugeuza namba kuwa sauti, unaingia kwenye amplifaya, unaishia kwenye spika. Mimi kabati langu lilikuwa la mninga, limejaa kanda kutoka sakafuni hadi kwenye dari, na aliyekuwa akiziita nyimbo ni mteja, kwa kupayuka akiwa nje ya dirisha la duka.

Mtu wa kwanza kuniburuta kwenye mambo ya seva ni Sudi, mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi bandarini na kuishi Rusimbi. Sudi alisoma habari za seva kwenye simu kwa miezi, mpaka mkewe akadhani ana mwanamke. Alipokuja kwangu alikuwa na picha za masanduku meusi yanayofanana yote, akanieleza tofauti zao kwa ufasaha ambao sijausikia hata msikitini. Nikamuuliza spika zake ni zipi. Akarudi kwenye picha zake. Alikuwa na sabufa moja, ile ya kuwasha taa za rangi, iliyokaa juu ya friji.

Nawaambia nilivyomwambia. Anza na spika, kisha chumba, kisha masikio, na seva ije mwisho. Spika mbili nzuri za mtumba zikikaa mbali na ukuta, kwa urefu wa masikio ya mtu aliyeketi, zitakupa raha kuliko seva ya kifalme inayomalizikia kwenye sabufa ya juu ya friji. Sabufa zenu nazijua. Zinatetemesha bati la jirani na hazisemi neno linaloeleweka. Pazia nene na mkeka vitafanya kazi ambayo hakuna kompyuta itakayofanya. Sudi alihuzunika kidogo kwa sababu pazia na mkeka havina picha za kuwaonyesha wenzake kazini.

Seva yenyewe chagua isiyo na feni. Mji wetu una vumbi jekundu wakati wa kiangazi na unyevu wa ziwa mwaka mzima, na feni ni mdomo wa kuvila vyote viwili. Nimewahi kufungua amplifaya ya mteja mmoja wa Ujiji nikakuta familia nzima ya mjusi, baba, mama na wadogo, wamekauka juu ya transfoma kwa sababu palikuwa na joto zuri. Mteja alikuwa amelalamika kwamba sauti ya kushoto inakohoa. Iunganishe seva kwa waya, waifai waachie watoto na simu zao. Nunua diski mbili, si moja. Ya pili uinakilie nyimbo zote na uikalishe nyumba nyingine kabisa, maana mwizi na moto havichagui diski. Ya Sudi ninayo mimi, ndani ya sufuria la pilau tunalolitoa siku za Idi tu. Na kabla ya vyote hivyo, nunua stebilaiza na betri ya kushikilia umeme ukikatika. Hapa kwenye umeme msinipite haraka, maana hapa ndipo pana hadithi.

Tulipomaliza kufunga mitambo ya Sudi, alinionea huruma akasema, Mjomba, lete kanda zako za dukani tuziingize humu zisioze. Nikazileta. Tukazipiga moja moja kwenye deki, kompyuta ikizinakili. Sasa hii seva ina akili yake: ukiipa wimbo usio na jina, inausikiliza, inauliza kwenye mtandao, halafu inakuandikia jina la wimbo, la mwimbaji na hata picha yake. Sudi alijivuna sana kwa hilo. Akaipa kanda yangu ya kwanza. Ikasikiliza, ikafikiri, ikaandika: Msanii hajulikani. Ya pili, Msanii hajulikani. Kanda nzima nzima za nyimbo ambazo kila mpiga debe wa Kigoma anaweza kuziimba amelala, na mtambo haumjui hata mwimbaji mmoja.

Sudi akadhani ameunganisha vibaya. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu maneno hayo nilishayasikia, hapa hapa Mwanga, kutoka kinywani mwa binadamu.

Duka halikuwa langu mwanzoni. Lilikuwa la Mzee Hilali wa Ujiji, aliyenifundisha kazi. Mzee Hilali alikuwa mtu wa kanzu safi na mikono safi; hakugusa santuri kabla hajanawa, na ukiishika katikati kwa vidole alikutoa nje kama aliyekuta nguruwe. Kazi yetu kubwa ilikuwa kurekodi kanda. Mteja anakuja na orodha ya nyimbo kichwani, sisi tunatoa santuri kwenye jalada, tunaiweka kwenye sahani inayozunguka, tunashusha sindano, na deki inaandika kwenye kanda. Ustadi ulikuwa kupanga nyimbo zijaze upande wa kwanza bila wa mwisho kukatwa shingo. Mzee Hilali alijua kwa kichwa kila wimbo unachukua nafasi gani. Alikuwa akishangaa tu kwamba wenye viwanda vya santuri ni waongo, wanaandika kwenye lebo muda mfupi kuliko wimbo wenyewe. Alisema Wazungu wanapunja hata dakika.

Sahani yake ya santuri ilikuwa fahari ya mtaa. Ukingoni ilikuwa na vidoti, na pembeni kijitaa chekundu kinachoviangaza. Sahani ikizunguka kwa mwendo sahihi, vidoti vinaonekana vimesimama tuli. Ikienda mbio au ikichelewa, vinatambaa. Kila asubuhi Mzee Hilali aliinama, akavitazama vidoti vimesimama kama askari wa gwaride, akasema alhamdulillahi, kazi ianze. Nilijifunza kuviamini vile vidoti kabla sijajifunza kuamini masikio yangu.

Kutoka kwenye ile sahani, kanda zilienda kila mahali. Mtu wa Kasulu alinakili kutoka kwa mtu wa Mwanga, wa Kibondo akanakili kutoka kwa wa Kasulu, na mabaharia walizipeleka kusini mpaka mwisho wa ziwa. Mkoa mzima ulisikiliza kwa sikio la Mzee Hilali.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Ninyi mliozaliwa baadaye mnaijua kwa majina ya kambi. Sisi tuliijua kwa boti. Watu walivuka kutoka Kongo na Burundi, asubuhi unakuta ufuko umejaa magodoro, mbuzi, cherehani na watoto waliolala juu ya vyote hivyo. Duka letu lilishangaza: biashara ilipanda. Mtu amepoteza nyumba, ameketi juu ya begi, anakuja dirishani kuulizia wimbo. Nilipokuwa kijana niliona ni upuuzi. Sasa sioni hivyo.

Wengi walipelekwa kambini kwa malori. Kubaki mjini kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji mwenyeji wa kukusemea kwamba una kazi. Kati ya waliokuwa wakiitafuta kazi hiyo alikuwepo mtu mmoja wa Uvira, mwembamba, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko hali yake, aliyeitwa Fataki. Mkewe na watoto wawili walikuwa kwenye chumba cha kupanga Buzebazeba, mlango wa tatu kutoka kwetu, na wadogo walishaanza shule. Fataki alikuwa mpiga gitaa. Si mpiga gitaa tu: alikuwa ndiye aliyepiga gitaa katika "Feza wa Mulongwe."

Lazima niwaeleze uzito wa maneno hayo. "Feza wa Mulongwe" ulikuwa wimbo wa bendi moja ya Uvira, na hapa kwetu hapakuwa na harusi iliyotambulika bila huo. Ukianza lile gitaa la mwanzo, bibi aliyekuwa akilalamika kiuno anasimama. Sisi peke yetu tulikuwa na santuri yake, na nadhani nimeirekodi mara nyingi kuliko nilivyokula ugali. Sasa mtu anashuka kwenye boti anasema yule ni mimi. Ungemwamini?

Maulidi hakumwamini. Maulidi ndiye aliyeongoza bendi ya hoteli moja pale Mwanga, na alikuwa na nafasi ya mpiga gitaa. Akamwambia Fataki apande jukwaani apige "Feza" na wenzake. Bendi ikaanza kama ilivyozoea. Fataki akaingia, na kila mtu akakunja uso. Gitaa lake lilikuwa juu, wao wapo chini. Yeye anakwenda mbele, wao wapo nyuma. Wakasimama, wakaanza upya, ikawa vilevile. Maulidi akawasha redio kaseti, akaweka kanda yetu, akamwambia alingane na nafsi yake basi. Hakulingana. Maulidi akasema kwa upole wa mtu anayefukuza kwamba mji umejaa watu wanaodai kwamba waliwahi kuwa watu, na kwamba aliyepiga gitaa kwenye kanda ile hamjui, ila anajua huyu siye. Hata hivyo, kwa kuwa mkono wake si mbaya, akiweza kuthibitisha, arudi siku ya mazoezi mwisho wa juma. Jumatatu lori la kambini lilikuwa linapita.

Alikuja dukani moja kwa moja kutoka huko, gitaa la kuazima mgongoni. Wakati huo Mzee Hilali alikuwa ameniachia kazi, yeye anakaa kwenye kiti cha kamba kusimamia hewa. Fataki alisalimu vizuri, akaomba aisikie santuri yenyewe, si kanda, kwa maana alidhani mtu kanakili vibaya njiani. Nikamwekea. Vidoti vimesimama tuli. Sindano ikashuka.

Fataki akafumba macho, akapiga pamoja na santuri. Alikuwa juu, santuri ipo chini. Akaacha. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya nyuzi asizigonge, na niliona uso wake ukibadilika. Maulidi kutomwamini lilikuwa jambo moja. Sasa santuri yake mwenyewe ilikuwa imemkana.

"Ni miye njo nilipiga hii," akasema taratibu. "Lakini haiko hivi. Huyu ni mtu mwenye kuchoka."

Mzee Hilali alikasirika. Akamwonyesha vidoti, akamweleza kwamba mtambo huu haujawahi kukosea tangu utolewe kwenye boksi, na kwamba ugenini mtu husahau mengi. Fataki hakubishana naye, alikuwa na adabu. Aligeuza santuri akasoma lebo, akatazama saa yake ya mkononi, akaniomba niirudie. Muda ulioandikwa kwenye lebo ukapita, na mwimbaji bado yupo kwenye kiitikio, hana habari. Mzee Hilali akasema ndiyo hayo, Wazungu wanapunja.

Fataki akanyanyua macho kutazama saa ya ukutani, alinganishe na yake. Ile saa yetu ilikuwa ya umeme, imechomekwa kwenye soketi moja na sahani ya santuri. Akauliza kwa nini inachelewa. Nikamjibu bila kufikiri, jibu tulilompa kila mtu: umeme unakatika, saa inasimama, kila asubuhi naisogeza mbele kwa taarifa ya habari ya redioni.

Akasema, "Leo umeme umekatika saa ngapi?"

Haukuwa umekatika. Wala jana. Na bado asubuhi ile nilikuwa nimeisogeza.

Vijana, nimesimama mbele ya saa ile miaka na miaka, nikiisogeza kila siku kwa kidole hiki, na sikuwahi kujiuliza. Mji wetu ulikuwa haujaungwa na nchi nzima. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya hapa hapa, moja likiwa limekufa likisubiri kipuri kije na treni, mengine yakibeba mji peke yake na kuhema. Jenereta likilemewa linazunguka polepole. Sahani ya santuri ya aina ile inafuata mzunguko wa umeme hatua kwa hatua: umeme ukichoka, nayo inachoka, na wimbo unashuka na kurefuka. Saa ya ukutani hivyo hivyo. Na kijitaa chekundu kinachomulika vidoti? Kinakula umeme uleule. Kinachoka pamoja na sahani, kwa kiasi kilekile, kwa hiyo vidoti vinasimama tuli daima. Tulikuwa tumemweka mshtakiwa kuwa shahidi, na kila asubuhi tunasema alhamdulillahi.

Deki ya kanda ilikuwa na mota ya namna nyingine isiyojali mambo hayo, ikaandika kwa uaminifu uchovu wote iliousikia. Ndipo nilipoelewa kwamba kuanzia Ujiji hadi Kibondo, watu walikuwa hawajawahi kuusikia wimbo wowote kama ulivyopigwa. Mkoa mzima ulikuwa umecheza, umeoa na umezika kwa mwendo wa jenereta.

Nilimweleza Mzee Hilali. Akauliza kama nimekula.

Lakini alikuwa mtu mwema kuliko ubishi wake, na lori la Jumatatu aliliogopa naye, kwa maana watoto wa Fataki walishamzoea na kumwita babu. Siku ya mazoezi alikuja mwenyewe kutoka Ujiji, na chini ya kwapa amebeba kigramafoni chake cha zamani cha kuendeshwa kwa betri za tochi, alichokuwa akikichukua kwenye harusi za vijiji visivyo na umeme. Betri hazijali jenereta. Tukatia mpya, tukaenda hotelini sisi watatu.

Maulidi alitupokea akiwa na wanabendi wake, na wapishi wakatoka jikoni kuja kutazama aibu ya mtu. Mzee Hilali akanawa mikono kwenye bomba la uani, akaweka santuri. "Feza wa Mulongwe" ikatoka kwenye kile kispika kidogo, juu, changamfu, mbio kuliko tulivyowahi kuisikia. Mpishi mmoja akacheka. Fataki akangoja kipande cha mwanzo kipite, akaingia.

Sikuweza kutenganisha. Nilikuwa nimesimama katikati yao, na masikio haya ndiyo yaliyonilisha, lakini sikujua santuri inaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Hata pale palipokuwa na kosa dogo kwenye santuri, uzi unaokwaruza kabla ya kiitikio, alilipiga lile kosa mahali pake.  Fataki mwenyewe alikuwa akitoa machozi waziwazi, na vidole haviyumbi.

Ulipoisha, Mzee Hilali akasema kwa sauti kavu kwamba huenda ni betri ndizo zinazokimbia. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kusema neno lingine juu ya jambo hilo.

Maulidi alizunguka jukwaa, akarudi, akampa Fataki mkono kwa mikono miwili. "Nimekubali, kaka, ndiye wewe," akasema. "Sasa jifunze kuupiga kama ulivyo."

Fataki hakuelewa. Maulidi akamweleza kwa ukarimu kabisa: watu wa hapa wana "Feza" yao. Bibi harusi anajua aingie hatua gani. Akiupiga mbio namna hii watu watakanyagana, na watadai umeharibiwa. Kazi ipo, barua ya kibali ataipeleka mwenyewe kesho, ila wimbo ni ule wa kwenye kanda. Fataki alimtazama, akanitazama mimi, nadhani akawatazama na watoto wake akilini. Kisha akashika vigingi vya gitaa, akalegeza nyuzi, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zikafika chini kwetu.

Lori la Jumatatu lilipita bila yeye. Alipiga pale hotelini miaka yote iliyobaki ya ukimbizi, kila wiki akijiiga mwenyewe aliyechoka. Watu walimpenda. Nilimsikia mteja mmoja akimsifu dirishani kwangu kwamba yule Mkongo anajitahidi, karibu atamfikia yule wa kwenye kanda. Nilipompelekea Fataki habari hiyo alicheka kicheko kirefu, na kila mara alikuwa akiniambia kwamba yeye ni Fataki wa Uvira, na siku moja atarudi kuupiga wimbo kwa mwendo wake. Hali ilipotulia, akarudi kweli. Alituaga ufukweni, viatu vinang'aa.

Sasa mnaelewa kwa nini nilicheka pale kwa Sudi. Mtambo ulikuwa umesikiliza kanda zetu zilizochelewa, ukazilinganisha na zile za dunia nzima, na kama Maulidi, ukasema huyu simjui. Sudi alipouelewa mkasa alifanya wanachofanya vijana wote wa siku hizi: akasema kompyuta inaweza kuzinyoosha kanda zote zirudi kwenye mwendo sahihi, kwa kubonyeza mara moja. Nikamkataza. Akaninunia, akaenda akaununua "Feza wa Mulongwe" mtandaoni, safi, mwendo wake halisi, faili zito lisilobanwa. Seva ikautambua papo hapo, kwa jina la mpiga gitaa wake: Fataki wa Uvira, na picha yake akiwa kijana mwenye nywele nyingi.

Mwaka huo huo Fataki alivuka ziwa, mzee kama mimi, kuja kumwona binti yake aliyeolewa hapa Mwanga. Nikampeleka Rusimbi kwa Sudi nione atasema nini. Sudi alimketisha kwenye kochi mahali penyewe, katikati ya spika mbili, mapazia yamefungwa. Akampa shikamoo mbili kwa wasiwasi. Akautafuta wimbo kwa simu, akaubonyeza.

Jamani, ilikuwa sauti. Kila uzi ulikuwa umesimama peke yake hewani. Niseme wazi kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuusikia wimbo ule vizuri namna ile, na wala vidoti havikuhitajika. Fataki alisikiliza ameinamisha kichwa. Mguu wake ulitafuta mahali pa kugonga sakafu, ukakosa, ukatulia.

"Uyu kijana iko na haraka ya nini?" akauliza.

Sudi akadhani hajasikia vizuri. Akaanza kumweleza kwamba huo ndio mwendo wa kweli, hauna kasoro, umetoka kwenye utepe wa studio. Fataki akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake ileile.

"Najua, mwanangu. Ni miye," akasema. "Niwekee ile ya umeme mubovu."

Ikabidi itafutwe. Kwa jina lake haikuwemo. Sudi akafungua kule kwenye Msanii hajulikani, akaupata kwa kubahatisha, na lile gitaa la chini, la polepole, likaingia chumbani na mkwaruzo wa santuri yetu. Mguu wa Fataki ukapata sakafu. Wimbo ukaisha. Sudi alikuwa amemwona mzee akisoma Msanii hajulikani kwenye kioo cha simu, akaomba radhi kwa aibu, akasema anarekebisha jina sasa hivi, aandike Fataki wa Uvira kama kwenye ule mwingine.

Mzee akatikisa kichwa. "Uyo wa Uvira umesha kumuandika," akasema. "Huyu andika Fataki wa Kigoma."

Kwa hiyo, vijana, mkiniuliza seva ipi, nimeshasema: isiyo na feni, kwa waya, diski mbili, stebilaiza. Zilizobaki ni mapambo. Ila yenu nayo itakuwa na akili kama ya Sudi. Hiyo ya Sudi kila ikijisafisha inakuja na swali kwamba nyimbo mbili zenye jina "Feza wa Mulongwe" zinafanana, je, ifute mojawapo kuokoa nafasi? Sudi nimemfundisha, na ninyi nawafundisha: bonyezeni hapana.